Fundi Aliyeipenda Gesi Inayonuka

Simu ililia Jumanne asubuhi nikiwa nasuuza kikombe cha chai, na sauti ya mwanamke ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikauliza kama mimi ndiye karani. Ukarani niliuacha zamani sana, wasomaji wangu mnanijua kwa safu hii tu, na duniani alikuwa amebaki mtu mmoja anayeniita kwa jina la kazi ile ya ujana. Kwa hiyo hata kabla hajaendelea nilikwisha kujua. "Adeer," akasema, na hivyo ndivyo Wasomali wanavyomwita amu, "aabo, baba yangu, ametutangulia. Jana baada ya adhuhuri. Tumemzika kabla ya magharibi." Nikasema inna lillahi, nikajikalisha kwenye kiti cha jikoni, na kitu cha kwanza kilichonijia, Mungu anisamehe, hakikuwa huzuni. Kilikuwa woga. Niliogopa kwamba binti huyu ataniuliza jambo moja ambalo nimelikimbia maisha yangu yote, na kweli, baada ya kunieleza habari za kifua cha baba yake na jinsi alivyohangaika wiki zake za mwisho, akaliuliza. Nitawaambia aliuliza nini, ila si sasa. Kwanza ni haki mumjue mtu mwenyewe.

Alikuwa fundi wa friji mjini Garissa enzi ambazo wengi wa watu wa mji ule walikuwa hawajawahi kugusa barafu. Wenyewe walimwita Fundi Baraf. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ndevu za hina na pua ndefu aliyoitegemea kuliko kipimo chochote. Kazi aliisomea kwa mikono yake katika kiwanda cha barafu Mombasa, kisha mama yake alipougua akarudi kwao, akajikuta fundi pekee wa namna yake katika nchi kubwa ya jua na miiba. Mimi nilimkuta huko. Nilikuwa kijana wa pwani wa miaka ishirini na mitatu, nimepelekwa kutunza stoo moja ya dawa, na vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Kwa msomaji ambaye shuleni hakufundishwa, nieleze kwa ufupi: uhuru ulipokuja, wengi wa watu wa kaskazini mashariki walitaka nchi yao iungane na Somalia. Serikali ikakataa, vijana wakaingia porini na bunduki, wakaitwa mashifta, na kwa miaka minne hivi mfugaji wa kawaida akawa nyasi chini ya miguu ya wote wawili. Barabara zikategwa mabomu, malori yakawa hayatembei ila kwa misafara yenye askari. Watu wakakusanywa katika vijiji vya ulinzi, na mifugo ikafa, maana ngamia hajui kuishi ndani ya seng'enge.

Stoo yangu ilikuwa na friji mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya mafuta ya taa: chini unawaka utambi, juu mna baridi, jambo ambalo lilinichanganya akili mpaka Fundi aliponieleza kwamba moto ule huchemsha amonia iliyofungiwa mabombani, nayo katika kupanda na kushuka kwake huondoka na joto la kabati. Nyingine ilikuwa kubwa, ya umeme wa jenereta, na ndiyo iliyotunza chanjo. Fundi alikuja kuzikagua kila mwezi. Kwa kuwa mji ulikuwa chini ya amri ya kutotembea jioni na hapakuwa na pa kwenda, nilijifunza gesi kama wenzangu walivyojifunza karata. Aliniainishia moja moja, jinsi watu wa kwao wanavyoainisha ngamia mnadani: huyu ana nguvu ila anauma, yule mpole ila hana maziwa. Kiswahili cha shule hakukiweza, na herufi ya p ilikuwa ikimtoka kama b, lakini sijawahi kumsikia mwalimu aliyefundisha vizuri zaidi yake.

Amonia aliiheshimu kuliko zote. Ina baridi ya nguvu, bei yake ni nafuu, na ndiyo iliyoendesha kiwanda alikojifunzia. Kasoro yake ni kwamba hula shaba, kwa hiyo mabomba yake sharti yawe ya chuma, na ikikupata machoni inaweza kukupofusha. "Lakini amonia ni adui mwenye adabu, Karani," aliniambia. "Inabiga hodi. Kidogo tu ikitoka, bua inalia, macho inalia, miguu yenyewe inakutoa." Alinisimulia jinsi kiungo kilivyopasuka siku moja kiwandani, watu wote wakatoka mbio wanakohoa, mwenye kiwanda akiwa mbele yao kashika kikoi mkononi. Hakufa mtu, kwa sababu hakuna aliyengoja kuambiwa. Ya pili ilikuwa gesi ya salfa, ile ya friji kuukuu zilizoachwa na Wazungu. Hiyo hunuka kama viberiti vya duka zima vimewashwa pamoja, na ikikutana na unyevu hugeuka asidi, ikaila mashine yake yenyewe. Kutafuta inapovuja, alifunga kijitini kitambaa kilicholowa amonia akakipitisha taratibu kwenye viungo, na palipovuja pakatoka moshi mweupe. Nilikuwa napenda kumwangalia akifanya hivyo. Harufu mbaya mbili zilikutana zikatoa ushahidi wa kuonekana kwa macho.

Ya tatu ndiyo aliyoiogopa. Jina lake la kitabuni ni kloridi ya methili, yeye aliiita "ile tamu". Inapoza vizuri, lakini inawaka moto, ikikutana na aluminiamu huzaa kitu kinacholipuka, na harufu yake ni hafifu, tamutamu, ya kumlewesha mtu taratibu. Alikuwapo muuza nyama mmoja sokoni aliyenunua kabati la baridi kwa afisa wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Joto la Garissa mmelisikia. Basi adhuhuri alizoea kurudisha mlango wa duka akaketi mgongo umeegemea kabati. Fundi alimwambia mara mbili, niruhusu nilitazame, nasikia harufu. Yule bwana akacheka, akasema hiyo ni uunsi, ubani ambao mkewe huzifukizia kanzu zake. Mchana mmoja majirani wakamsikia anacheka peke yake, wakachungulia, wakamwona maneno yamemlegea na kichwa kinayumba. Wakadhani amelewa. Mwislamu, mtu mzima, amelewa mchana kweupe, sokoni! Kwa heshima yake wakamsitiri: wakaufunga mlango vizuri kwa nje ili asije akatoka akajiaibisha. Fundi alipofika alasiri na kusikia habari alikimbia kuuvunja, lakini mle ndani mlikuwa na maiti. Tulimzika, na kwa siku nyingi wale majirani hawakuweza kutazamana. Hawakuwa watu wabaya. Walimuua kwa sitara.

Tangu siku hiyo Fundi alikuwa na desturi ambayo mimi niliiita kuusalimia mtungi. Hakuunganisha mtungi wowote wa gesi kabla ya kuufungua kidogo, kama kupepesa jicho, akiwa amesimama upepo unakotoka, kisha akanusa. Mitungi ilijazwa tena na tena na watu asiowajua, rangi na maandishi ya nje hayakuwa ya kuaminika, pua yake ilikuwa ya kuaminika. Sasa ikaja gesi ya nne, frioni, na friji kubwa ya stoo ilikuwa ya gesi hiyo. Haina harufu. Haiwaki. Haiumi macho, haili shaba. Kijitabu kilichokuja na friji kiliisifu kama bibi harusi, na mimi nilipokisoma nikamwambia, Fundi, sasa umeletewa malaika. Hakucheka. "Hii ikitoka, nani atakuambia?" akaniuliza. "Mimi nataka gesi yenye mdomo." Kuitafuta inapovuja ilibidi atumie taa ndogo ya spiriti yenye kipande cha shaba, na mwali ukigeuka kijani, hapo ipo. Hata hivyo alifungua madirisha yote kwanza, maana frioni ikipita motoni hugeuka sumu. Aliiona gesi bora kwa mashine na aliikubali kazini, lakini mapenzi nayo hakuwa nayo.

Sasa nifike ninapochelea kufika. Katika mwaka wa pili wa vita friji kubwa ikawa inanguruma mchana kutwa na ndani haipoi. Fundi akapitisha taa yake, mwali ukawa kijani kwenye kiungo cha nyuma. Akakiziba, lakini gesi ilikuwa imekwisha kwenda. Niliandika barua ya kuagiza mtungi wa frioni Nairobi, nikatia saini yangu, nikabaki na nakala. Chanjo tuliihamishia kwenye ile friji ndogo, nayo haikutosha, kwa hiyo nyingine tukaizungushia vipande vya barafu na kusali. Mtungi ulipofika na msafara, lori lilisimamishwa kwenye kizuizi cha upande wa mto. Sheria ya wakati ule ilikuwa kwamba chombo chochote cha chuma kilichofungwa hakipiti bila barua ya daktari, na daktari wetu alikuwa safarini upande wa Bute. Nikamwambia Fundi, nenda kauchukue, mimi nitaandika barua kwa niaba ya daktari nikufuate nayo. Akaenda. Mimi nilitia nakala ya agizo mfukoni mwa shati, na kwa kuwa jua lilikuwa kali nikakaa kwanza kunywa chai.

Kilichotokea kizuizini nilisimuliwa na dereva wa lori, ambaye hakuwa na sababu ya kudanganya. Askari mmoja aliuliza, "Wewe mzee, hii kitu ni ya nini?" Fundi akajibu ni gesi ya friji ya dawa. "Barua iko wapi?" Inakuja, Karani anaileta. "Na tutajuaje ni gesi ya friji?" Ndipo Fundi, kwa nia safi kabisa, akafanya lile ambalo yeye peke yake katika Garissa nzima angelifanya. Akasema, "Subiri, nitakuonyesha," akasimama upepo unakotoka, akausalimia mtungi. Chuma kikafoka, wingu jeupe likaruka. Wenzao wa wale askari walikuwa wamekufa kwa bomu la barabarani siku chache tu nyuma, na waliposikia mfoko ule wote walijitupa mavumbini, na bunduki ya mmoja ikalia ikatoboa gurudumu la lori. Fundi akabaki amesimama peke yake, mtungi mkononi, anapiga kelele, "Nuseni! Nuseni, hakuna kitu!" Wakanusa kweli, dereva aliniambia, baada ya kumwangusha na kumfunga. Hakuna aliyesikia harufu yoyote, na hilo ndilo lililommaliza. Ingekuwa amonia, kikosi kizima kingelia machozi, wangemtukana mama yake na kumwachia. Lakini kitu kisicho na harufu wala rangi, ndani ya chuma, mikononi mwa Msomali asiye na barua, ndicho hasa walichofundishwa kukiogopa.

Niliitwa ofisini kwao kabla ya alasiri. Afisa alikuwa mtu wa bara, amechoka, macho mekundu, na sitamsingizia ukatili ambao sikuuona kwake. Mtungi ulikuwa juu ya meza. Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mikono imefungwa nyuma, pua imevunjika na damu imeganda kwenye ndevu zake. Aliponiona naingia uso wake ukapata nafuu. Ningependa kuusahau uso ule kuliko kitu chochote nilichopata kukiona katika vita vile.

"Wewe ndiye karani wa stoo ya dawa?"

"Ndiyo, afande."

"Huyu unamjua?"

"Ni fundi, afande. Hutengeneza friji mjini."

"Anasema huu mtungi ni wa stoo yako."

"Vitu vya stoo vinakuja na barua, afande. Huu hauna barua."

"Ndani yake kuna nini?"

Nakala ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nasikia pembe ya karatasi ikinichoma kifuani. Fundi akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Karani, waambie." Nikautazama mtungi. Nikasema, "Sijui, afande." Afisa akaandika, akanipa ruhusa niende, nikaenda.

Mtaniuliza kwa nini. Nimejitetea mbele ya nafsi yangu miaka mingi na utetezi wangu naujua kwa moyo. Wiki ile mwalimu mmoja kutoka kwetu pwani, mwenye jina la Kiislamu kama langu, alipandishwa lori akapelekwa kusikojulikana kwa kuwa alikutwa akipiga soga na watu waliotafutwa. Mimi mwenyewe nilipowasili nilikuwa nimeulizwa kama ni mmoja wao. Barua ya mtungi nilitaka kuiandika kwa niaba ya daktari bila idhini yake, na hilo lilikuwa kosa. Mama yangu alinilea kwa methali ya watu wa kwetu, kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Niliishikilia. Na kweli kilio hakikuja kwangu, kilikwenda nyumbani kwa Fundi, ambako mkewe alikuwa na mimba ya yule yule binti aliyenipigia simu Jumanne. Siku ileile nilirudi stoo nikaiweka nakala kwenye utambi wa friji ya mafuta ya taa nikaitazama ikiungua.

Mtungi ule ulizuiliwa, kwa hiyo friji kubwa ikafa. Chanjo ilipoharibika niliichimbia shimo nyuma ya stoo nikaifukia kwa mikono yangu, chupa moja moja, kama utaratibu ulivyotaka. Baada ya hapo walikuja kina mama na watoto wao kutoka vijiji vya ulinzi, nami nikawaambia warudi baadaye. Mmoja alikuwa ametoka njia ya Ijara, mtoto mgongoni, miguu imepasuka. Aliniuliza kwa Kiswahili chake kidogo, "Baadaye siku gani?" Nikamwambia sijui. Neno hilo lilikuwa limeanza kunizoea. Ni watoto wangapi waliodhurika kwa kukosa dawa ile siwezi kusema, sikuwahi kujua, na sitawabunia hesabu ili safu ipendeze.

Fundi alirudi kutoka kifungoni vita vilipokuwa vinakwisha. Hakushtakiwa kwa lolote, waliacha tu kumweka. Alikuwa amekonda, anakohoa kikohozi ambacho hakikumwacha tena, na alikuja stoo moja kwa moja kabla ya kwenda sokoni kuonana na watu. Nilisimama. Nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu mwezi wa kwanza wa kifungo chake, lakini yeye aliuliza, "Friji iko namna gani?" Nikamwambia imekufa. Akaitazama, akakigusa kile kiungo cha nyuma alichokiziba, kisha bila kunigeukia akauliza, "Ile siku, walikuuliza?" Nikasema waliniuliza. "Ukasema nini?" Nikasema, nilisema sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa kipimo alichokwisha kukikisia. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Leta taa," na kazi ikaanza. Nikamkumbusha kwamba hajanusa kwanza, maana ulikuwapo mtungi mpya pale, ulioletwa baadaye ukakosa fundi. Akagusa lile daraja la pua lililopinda. "Haisikii tena," akasema. "Kahawa haisikii, moshi haisikii. Sasa gesi yote kwangu ni frioni." Akawasha taa yake ya spiriti. Nilitoka nje nikasimama juani mpaka aliponiita.

Adhabu yake haikuishia hapo. Serikali ilikuwa imemwona mtu wa porini, na waliokuwa na ndugu porini, kwa kuwa yeye alirudi hai na ndugu zao hawakurudi, wakamwona mtu wa serikali. Mtu hakamatwi na bomu akaachiwa hivihivi, walisema. Walimpa kazi kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine, na chai walikunywa naye, lakini mazungumzo yalishuka alipoketi. Mimi nilihamishwa mwaka uliofuata. Tuliandikiana, baadaye tukapigiana simu kila Idi, tukaulizana afya na watoto, na kama alikuwa na la kusema kuhusu siku ile alilimeza. Zaidi alinizungumzia gesi. Alikuwa wa kwanza kuniambia, tena kwa kicheko kilichoishia katika kikohozi, kwamba wataalamu wamegundua frioni ile ya kimalaika ilikuwa inapanda juu na kuila kinga ya mbingu inayotukinga na jua. "Miaka yote hiyo, Karani! Hainuki, haiwaki, haigombani na mtu, kumbe iko huko juu inakula." Ikaletwa nyingine isiyoila ile kinga, ikasifiwa, kisha ikasemekana nayo inazidisha joto la dunia. Friji iliyo jikoni kwangu sasa ina gesi kidogo tu ya jamii ya ile ya kupikia, inayopoza vizuri na isiyodhuru mbingu, na nyuma yake pamebandikwa picha ya mwali wa moto, maana inawaka. Nilipomsomea maelezo hayo kwa simu alifurahi. Akasema walau hiyo inakubali kwamba ina hatari.

Nimefikiri sana juu ya mtu huyu wiki hii. Tumezoea kusifu kisicho na kelele. Mtumishi mtulivu, jirani asiye na neno, karani asiyejiingiza, hawa ndio tunaowaandikia barua za sifa, na mimi nilistaafu na barua kama hiyo, imo kwenye fremu ukumbini. Lakini nikihesabu madhara niliyoyaona katika vita vile, mengi hayakufanywa na waliopiga kelele. Yalifanywa na majirani waliofunga mlango kwa heshima, na vijana waliojibu sijui wakarudi kazini. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mfukoni mwa shati.

Sasa swali la binti. Aliniambia kwamba jana yake makaburini, udongo haujakauka, mzee mmoja alimnong'onezea mwenzake, huyu ndiye yule wa mtungi, na kaka yake akasikia, nusura washikane. Wameishi na neno hilo tangu utoto, shuleni, sokoni, hadi kwenye posa yake mwenyewe. Baba yao kila walipomuuliza alijibu ilikuwa gesi ya friji, wala hakumtaja mtu. "Sasa hayupo," akasema. "Katika vitu vyake nimekuta namba yako tu. Adeer, wallahi nakuuliza kama ninavyomuuliza mzazi: ndani ya mtungi kulikuwa na nini?" Nikamwambia nitakupigia. Mtu wa umri wangu, mwenye kaburi lililokaribia, nilimwambia nitakupigia. Ilinichukua siku mbili. Nilipopiga nilimwambia yote, agizo, saini, chai, nakala, utambi. Kisha akauliza, "Kwa nini hukusema aabo akiwa hai asikie?" Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. Akasema, "Basi iandike. Wazee wa hapa gazeti wanasoma."

Wazee wangu wa Garissa, mnaosoma haya mkiwa mmeketi na chai zenu, mtungi ulikuwa na frioni. Ulikuwa wa friji ya chanjo ya watoto wenu. Niliuagiza mimi, nikamtuma yeye, nikaulizwa mbele yake nikasema sijui. Hakuwa mtu wa porini wala mtu wa serikali, alikuwa fundi aliyetaka kila mmoja anuse ajue. Karatasi ya kuthibitisha niliichoma, kwa hiyo pokeeni hii badala yake. Nanyi wasomaji wengine, sina la kuwafundisha ila hili nililolipata kwa kuchelewa: ukiulizwa kilichomo mtungini nawe unakijua, sema palepale, wakati aliyefungwa sakafuni bado anakutazama.